Mistari na madoa ndani ya kimondo cha chuma

Swali: Nina kipande cha kimondo cha chuma kilichokatwa na kung'arishwa. Kina mistari inayopishana kama ukili wa mkeka, na katikati kuna doa la mviringo, la rangi ya shaba nyeusi kiasi, lenye kutu pembeni. Je, mistari hii yaweza kuwa imechorwa na mtu? Na doa hilo ni dosari?

Jibu: Doa si dosari, na nakusihi usilichokonoe. Nitalifikia.

Chuma cha vimondo huwa kimechanganyika na nikeli. Kilipokuwa na joto kali, ndani kabisa ya sayari ndogo iliyokwisha kuvunjika, chote kilikuwa fuwele za aina moja ziitwazo taenaiti. Kilipopoa, madini mengine yenye nikeli kidogo, kamasaiti, yakaanza kuota humo kama mabamba, huku nikeli ikisukumwa kwenye taenaiti iliyosalia. Ndani ya chuma kigumu atomi za nikeli hujongea kwa shida sana. Bamba lenye unene wa milimita moja huhitaji mamilioni ya miaka, na hakuna tanuri linaloweza kungoja hivyo.

Asidi hafifu ya nitriki hula kamasaiti kwa haraka kuliko taenaiti, ndipo mistari inapoonekana. Huitwa mistari ya Widmanstätten, kwa jina la Alois von Widmanstätten wa Vienna aliyeiona mwaka 1808. Kwa hiyo kipimo chako ni hiki: fundi wa maabara aufute uso kwa msasa, kisha aupake asidi upya. Mistari ya kweli itarudi, kwa kuwa imo mwilini mwa chuma. Ya kuchorwa imekwenda na msasa. Lakini kukosa mistari hakuthibitishi kwamba kitu ni bandia: Hoba cha Namibia, chenye tani 60 hivi, kina nikeli nyingi kiasi kwamba jicho halioni mistari yoyote.

Sasa doa. Kwa maelezo yako, karibu hakika ni troilaiti, yaani chuma na salfa, madini adimu sana duniani lakini ya kawaida vimondoni. Salfa haikubaliki ndani ya fuwele za chuma. Chuma kilipoganda, ilibaki matone ya majimaji, na umbo hilo la tone ndilo unaloliona. Angalia ukingo wake kwa lenzi: ukiona utepe mweupe wa fedha unaovunjika kirahisi, hiyo ni shraibasaiti, yenye chuma, nikeli na fosforasi. Pengine pana grafaiti nyeusi pia.

Inafaa kuchunguza kila doa kwa makini. Mwaka 2022, kipande cha gramu 70 tu kutoka kimondo cha El Ali, Somalia, kilitoa madini mawili ambayo hayakuwahi kuonekana katika maumbile, elaliaiti na elkinstantonaiti.

Kutu huanzia mpakani mwa doa kwa sababu pana nyufa, na klorini iliyotoka ardhini hujificha humo ikisubiri unyevu. Usikioshe kwa maji ya bomba. Kisuuze kwa spiriti safi, kikauke kabisa, kisha kiweke kwenye chombo kinachofungwa pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu. Vibadilishe vikichoka.