Mshauri anakwambia uhame kwa wazazi, fanya hivi kwanza

Pole sana dadangu. Umesema umezaliwa Mombasa, nyumbani mnaongea Kigujarati, saa hizi uko Leicester, Uingereza, na mshauri wako wa kisaikolojia anakwambia uhame kwa wazazi ndo upone. Mi naona hajakuelewa, kwake mtu mzima ni yule anayejitegemea peke yake, kwenu kuondoka hivyo ni kama kuwatupa wazee. Kikao kijacho mwambie hivyo hivyo, halafu mwulize kama ashawahi kuhudumia familia za Kihindi na kama anaijua historia, maana hapo Leicester kumejaa Wahindi waliofukuzwa Uganda na rais Idi Amin 1972, wakapewa siku 90 tu, na mzazi aliyekua akisikia hayo lazima awe na woga, sio ukali tu. Akikwepa, badilisha mshauri, ni haki yako. Si lazima awe Mhindi mwenzako, wengine huogopa siri itafika msikitini ama hekaluni na wana sababu. Ila asikulazimishe uchague uwe Mhindi ama Mkenya. Kenya yenyewe iliwatambua Wahindi kama kabila la 44 mwaka 2017, kwa hiyo ukiulizwa kwenu wapi ukajibu Mombasa, hujamdanganya mtu.