Sasa kocha, mpira sina, nifanye nini?

Wewe uliyekabidhiwa watoto wa mpira wa kikapu na filimbi wiki hii, nianze na kosa langu. Miezi miwili ya kwanza pale Mwanga, Kigoma, niliwafundisha watoto kudunda mpira tu: kupita katikati ya mawe, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mpaka nikajiona fundi. Mechi ya kwanza tukafungwa vibaya. Mwenye mpira anadunda, wenzake wanne wamemzunguka kama wateja kwenye sinia la migebuka. Mapumziko nikamgombeza mmoja kwa kusimama. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Sasa kocha, mpira sina, nifanye nini?"

Sikuwa na jibu.

Wachezaji watano, mpira mmoja. Sehemu kubwa ya mechi mtoto hana mpira mkononi, na huko ndiko mimi sikuwa nimefundisha chochote. Siku hizi wiki mbili za mwanzo ni marufuku kudunda. Watalalamika, hasa wale mafundi. Waambie James Naismith alipoubuni mchezo huu mwaka 1891 kudunda hakukuwepo: unadaka, unatoa pasi kutoka palepale ulipodakia.

Uwanja wetu mistari ilishafutika, kwa hiyo napanga ndala tano kuzunguka ringi, kila moja mbali na mwenzake hatua tano hivi, kila ndala na mtu wake. Ukitoa pasi, kimbilia ringi mikono ikiwa mbele, tayari kupokea. Usipopewa, pitiliza, utokee upande wa pili. Ndala uliyoiacha, jirani anaihamia, na wa nyuma yake anasogea vilevile. Siku za mwanzo ni vurugu: wawili watasimama kwenye ndala moja wakisukumana. Filimbi usiiguse. Weka mabeki, waache waone wenyewe kwamba mtu mmoja anawakaba wote wawili bila jasho. Nilipoacha kupayuka ndipo wakaanza kuangaliana.

Kwenye mechi za mazoezi, kikapu cha pasi aliyopewa mtu anayekimbilia ringi nakihesabu pointi nne badala ya mbili. Wachoyo wa mpira hubadilika jioni hiyohiyo.

Leiapu, yaani kukimbilia ringi na kuruka kufunga kwa karibu, haihitaji hotuba. Kwa mkono wa kulia: mguu wa kulia, wa kushoto, ruka. Waitamke kwa sauti huku wanakimbia. Ila angalia ukubwa wa mpira wenyewe. Namba 7 ni wa wanaume, namba 6 wa wanawake, na mtoto wa miaka 10 anatakiwa namba 5. Ukimpa namba 7 ataurusha kutokea kiunoni, na kuja kumwachisha ni kazi ya mwaka.

Yule aliyeniuliza swali sasa ndiye anayewasimamia wadogo. Juzi tulicheza kwenye uwanja wa saruji, mistari yote ipo, ndala hata moja hakuna, nikamsikia kutoka pembeni: "Ndala! Ndala yako iko wazi!" Na mtoto akahama.