Kwa Vijana Mnaotaka Kukopa Ili Mpande Michikichi

Kijana mmoja wa Ilagala, hapa mkoani Kigoma, aliniandikia hivi karibuni, akanipa shikamoo yangu kwa adabu, kisha akaniuliza swali moja tu: akipanda ekari nne za Tenera, yaani michikichi chotara yenye mafuta mengi, msimu huu, ataanza kurejesha mkopo lini? Nilimjibu kwa ufupi kwamba asikope. Hakuridhika, akaniambia kwamba mimi nimekwisha kufika, ndiyo maana nawafungia wenzangu mlango. Maneno hayo yameniuma kuliko alivyokusudia, kwa kuwa mlango anaousema nilifungiwa mimi kwanza, na walioufunga ni ndugu zangu wa tumbo moja. Nimeona nimjibu hapa kwa urefu, kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Mimi sikuingia katika michikichi kupitia shambani. Nilianzia kwenye pipa la kuchemshia. Katika familia niliyokulia huku Kigoma, mti ulikuwa mali ya mwanaume na kukamua mafuta ilikuwa kazi ya mwanamke, na baba alipofariki kaka zangu waligawana michikichi yote, mimi nikaambiwa kwamba binti huolewa lakini mti hauolewi. Basi nikawa nanunua mikungu kwa kaka zangu wenyewe, tena kwa bei ya mgeni, nachemsha, nakamua, nachemsha tena na kuengua, kisha napeleka madumu sokoni Mwandiga. Miaka hiyo sitaisimulia, ilikuwa ya moshi na mgongo kuuma. Lakini mkamuaji hujifunza jambo ambalo mwenye shamba huchelewa kulijua, yaani kwamba mikungu miwili yenye uzito sawa haitoi mafuta sawa. Michikichi yetu ya asili, inayoitwa Dura, ina gamba nene kuzunguka kokwa na nyama nyembamba, kwa hiyo unabeba kuni, maji na jasho kuchemsha magamba. Tenera, ambayo ni uzao wa Dura na Pisifera, aina isiyo na gamba, ina gamba jembamba na nyama nyingi. Hilo nililijua kwa mikono kabla sijaelezwa na mtaalamu yeyote.

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokuja Kigoma na kuanzisha kampeni ya kufufua zao hili, tuliambiwa kwamba nchi inahitaji takriban tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka huku ikizalisha kama tani 205,000 tu. Kila mtu akataka Tenera. Mimi nilikuwa nimekwisha kununua kipande cha ardhi kwa fedha za madumu, na nikauziwa miche na mfanyabiashara mmoja ambaye kitalu chake kilikuwa kizuri kuliko bustani ya maua. Alinihakikishia kwamba yote ni Tenera. Nilipalilia, nikaweka mbolea, nikafukuza ng'ombe wa watu, na miti ilipoanza kuzaa nikapasua matunda kwa kisu mbele ya kaka yangu mkubwa. Mti mmoja ulikuwa na gamba jembamba, wa pili nene, wa tatu nene, na mingine ilitoa maua mengi lakini mikungu yake ikaoza bila kuiva. Kaka alicheka, na kicheko kile bado nakisikia.

Baadaye nilielewa kilichotendeka. Mtu yule alikuwa ameokota matunda chini ya miti ya Tenera na kuyaotesha. Ukiotesha mbegu za Tenera iliyochavushwa na Tenera, takriban robo ya miche itarudi kuwa Dura, nusu itakuwa Tenera, na robo itakuwa Pisifera, ambayo kwa kawaida haizai vizuri. Ubaya wake ni kwamba mche ukiwa kitaluni huwezi kuitambua aina yake kwa macho. Mwaka 2013 watafiti, wakiwamo wa Malaysia, walitangaza kwamba wameipata jeni inayoamua unene wa gamba, hivyo leo kipande cha jani kinaweza kupimwa maabara kabla mche haujapandwa. Kipimo hicho sijakiona kikifika kijijini kwetu, kwa hiyo kinga yetu ni kujua mbegu ilikotoka. Miche yangu ya pili niliichukua Kihinga, kwenye kituo cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinachoshughulikia michikichi, na karatasi yake ninayo mpaka leo. Leo kaka yangu analeta mikungu yake kwenye mashine yangu, nami namtoza bei ileile ninayowatoza wengine.

Huwa naambiwa na wazee kwamba Wamalaysia walichukua mbegu hapa Kigoma wakatajirika. Tunaisema habari hiyo kwa uchungu kana kwamba tumeibiwa, lakini kumbukumbu za zao hili zinaonyesha kwamba michikichi ya Asia ya Kusini-Mashariki ilitokana kwa kiasi kikubwa na miche minne iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na kwamba shamba la kwanza la biashara nchini Malaysia lilianza mwaka 1917. Walichotuzidi ni kuchagua mbegu na kuandika kumbukumbu, kizazi baada ya kizazi. Tukiendelea kulilia mbegu ambayo hatukuibiwa, tutaendelea kununua miche kwa watu wasio na karatasi.

Sasa nije kwenye mvua, ambayo kijana wangu hakuitaja hata kidogo. Mchikichi hupendelea takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zikiwa zimesambaa katika miezi yote. Sisi wa ukanda wa Ziwa Tanganyika tunapata kama 1,000, na kuanzia Juni hadi Septemba ni kukavu. Kwa maneno mengine, tunalima ukingoni mwa uwezo wa mti huu hata kabla ya kuzungumzia mabadiliko ya tabianchi. Jinsia ya ua la mchikichi huamuliwa takriban miaka miwili kabla ya mkungu kuvunwa, na mti ukiwa na kiu wakati huo huelekea kutoa maua ya kiume, ambayo hayatoi mkungu. Ndiyo maana unaweza kuwa na mwaka wa mvua nzuri na mavuno mabaya, watu wakaanza kutafuta mchawi, kumbe mti unalipa deni la kiangazi cha zamani. Nilianza kuandika daftarini siku za mvua na idadi ya mikungu, na ni daftari hilo lililonionyesha uhusiano huo katika shamba langu mwenyewe. Andikeni. Kila ninayekutana naye namwambia aandike, na wengi hunitazama kama mwalimu aliyestaafu vibaya.

Kuhusu kuhifadhi unyevu, sina siri kubwa. Makuti yaliyokatwa yalazwe kati ya mistari, yasichomwe. Mikungu mitupu iliyokwisha kutolewa matunda irudishwe shambani. Na kabla ya Julai kata mkinga moto kuzunguka shamba lote, kwani moto wa Agosti hauulizi mti huu ni wa nani.

Bei nayo ina mwendo wake. Tarehe 28 Aprili 2022 Indonesia, mzalishaji mkubwa wa mawese duniani, ilizuia mafuta ya mawese kutoka nchini mwake, na ilipofika tarehe 23 Mei ikaruhusu tena. Muda huo haukutosha mche wangu hata kutoa jani jipya la maana, lakini wafanyabiashara wa mafuta walikuwa wamekwisha kubadili hesabu zao. Huku kwetu kila Juni inasomwa bajeti, na ushuru wa mafuta yanayoingizwa unaweza kupanda au kushuka kwa sentensi moja. Mti unaoupanda leo utazaa zaidi ya miaka 20, na katika muda huo sentensi za namna hiyo zitasomwa mara nyingi. Kwa hiyo siuzi mafuta yote kwa siku moja, wala sitegemei mawese peke yake: mise, yaani kokwa za ndani ya tunda, naibangua na kuiuza kwa watengeneza sabuni, magamba nayatumia kuchochea moto. Mikungu isilale ikirundikwa siku nyingi hadi matunda yapukutike yenyewe, kwani asidi huongezeka na mafuta hukwangua koo, na mnunuzi wa kiwandani atakushusha bei bila huruma.

Simu inasaidia, sikatai. Utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa nausoma kwenye simu, bei za Mwandiga naziuliza kwenye simu, na malipo napokea humo humo. Hata hivyo, vijana mnaonizunguka mnajua programu zote za kilimo na hamjui mama wa mche mliopanda. Mnataka mavuno yaje kwa kasi ya ujumbe. Nisameheni nikisema hivyo, lakini nimelea miti na nimelea watoto, na sijaona kimoja kati ya hivyo kilichokubali kuharakishwa.

Kwa kijana wa Ilagala: Tenera huanza kuzaa baada ya takriban miaka mitatu shambani, na mavuno yake kamili huja miaka kadhaa baada ya hapo, ilhali benki huanza kudai mapema. Anza na ekari moja, yaani takriban miche 58 kwa nafasi ya mita tisa kwa pembetatu, ukichagua miche iliyokwisha kukaa kitaluni kama mwaka mmoja, uipande mvua za Novemba zikishatulia. Katikati weka maharage na karanga mpaka kivuli kitakapozuia. Dura za baba yako usizikate zote kwa pamoja, maana ndizo zitakazokulisha wakati Tenera zinakua. Na kama ni lazima ukope, kopa kwa ajili ya mashine ya kukamua, kwa sababu michikichi ya majirani imekwisha kuzaa na mashine huanza kuingiza fedha wiki ileile unayoisimika.