Foku Nyepesi kwa Baiskeli ya Milimani: Wasomaji Wanauliza, Fundi Anajibu

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Lushoto, nina uzito wa kilo 62, na baiskeli yangu ni ya alumini yenye magurudumu ya inchi 29. Foku yake, yaani ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu na kubonyea, ni SR Suntour XCM ya springi ya chuma, yenye mwendo (umbali wa kubonyea) wa milimita 100. Nikipanda kutoka Soni naiona nzito kama nimebeba gunia, na nikishuka haibonyei hata nusu. Kuna mtu Dar es Salaam anauza foku ya Fox 34 iliyotumika, ya milimita 140, kwa shilingi laki saba, na ananihakikishia kwamba nitapunguza karibu kilo nzima. Ninunue?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usitume hela kwanza. Kuhusu uzito muuzaji huyo hakukosea sana, kwa sababu XCM ina kilo mbili na nusu na ushei, ilhali Fox 34 haifiki kilo mbili. Kosa lake ni kwamba hakukuuliza swali hata moja kuhusu fremu yako, na hapo ndipo pesa za watu wengi hupotelea.

Tuanze na shingo ya foku, yaani lile bomba linalopenya kichwa cha fremu na kukamatwa kwa juu na stemu, kile kipande kinachoshika usukani. Shingo za zamani zimenyooka, zina kipenyo cha milimita 28.6 kuanzia juu hadi chini; za siku hizi hupanuka zinaposhuka, hadi kufikia inchi moja na nusu pale kwenye beringi ya chini. Hiyo Fox unayouziwa, kwa kadiri ninavyozifahamu, ni ya aina hiyo ya pili. Fremu yako inakubali ipi? Mpelekee fundi aitoe foku, ang'oe bakuli la chini la beringi, kisha apime upana wa ndani wa bomba la fremu kwa kalipa, si kwa rula ya shuleni. Akipata milimita 34, foku hiyo haiingii, na asitokee mtu wa kukuuzia adapta. Akipata 44, kuna namna, kwa sababu yapo mabakuli ya chini yanayokaa nje ya bomba yaliyotengenezwa kwa ajili ya shingo pana.

Urefu wa shingo nao una neno lake. Foku iliyotumika imeshakatwa kwa kipimo cha baiskeli ya mwenzako, na chuma kilichokatwa hakiongezeki. Pima shingo ya foku yako ya sasa kuanzia inapokaa beringi ya chini hadi ncha ya juu, umtumie muuzaji namba hiyo, naye akupe yake. Ikiwa yako ni milimita 190 na yake ni 170, mazungumzo yameishia hapo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimewahi kuletewa foku ambayo shingo yake ilirefushwa kwa kuchomelewa kipande cha bomba, ikapigwa msasa na rangi ikang'aa vizuri kabisa. Niliikata vipande viwili mbele ya mwenyewe, akakasirika, lakini sikumrudishia ikiwa nzima.

Kisha kuna gurudumu. Fox 34 za miaka ya karibuni hushika ekseli nene ya milimita 15 na habu (kitovu cha gurudumu) yenye upana wa milimita 110, ilhali gurudumu lako, kama ilivyo kawaida ya baiskeli zinazotoka na XCM, lina habu ya milimita 100 na ekseli nyembamba ya milimita 9 inayobanwa kwa mkono. Kwa hiyo laki saba ni za foku peke yake. Habu mpya, spoki na ujira wa kusuka gurudumu ni hesabu nyingine, na mara nyingi hesabu hiyo hukaribia bei ya foku yenyewe.

Hata hivyo, lililonisumbua zaidi katika barua yako ni zile milimita 140. Fremu iliyochorwa kwa foku ya 100 ikiwekewa ya 140 huinuka mbele, na pembe ya kichwa chake hulala kwa takribani digrii moja kwa kila milimita 20 zinazoongezeka. Ukishuka utajisikia bingwa. Ukipanda kona za Soni, gurudumu la mbele litakuwa linatangatanga na kunyanyuka, nawe utalazimika kulala juu ya usukani ili lishike njia. Zaidi ya hayo, foku ndefu ni wenzo mrefu, na nguvu yote ya kila pigo inaishia kwenye maungio ya kichwa cha fremu, mahali ambapo fremu za alumini hupasuka. Baki kwenye 100, au usivuke 120, tena baada ya kuthibitisha kwamba mtengenezaji wa fremu ameruhusu.

Sasa nikuambie unachokihitaji hasa, kwa sababu umekitaja mwenyewe bila kukipa jina. Foku isiyobonyea hata nusu chini ya mtu wa kilo 62 ina springi ngumu kuliko mwili wake, na springi ya chuma haibembelezwi: ama uibadilishe, ama uizoee. Foku ya hewa hujazwa kulingana na uzito wa mwendeshaji, nayo pia ni nyepesi kwa kuwa pale palipokuwa na koili ndefu ya chuma sasa pana hewa. Si jambo geni hata kidogo. RockShox RS-1, foku iliyowafungulia wengi njia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa ya hewa na mafuta, na mwendo wake ulikuwa milimita 48 tu. Kwa shingo iliyonyooka na ekseli ya milimita 9, tafuta XCR ya hewa ya SR Suntour, yenye kilo mbili na ushei, au Judy ya RockShox iliyo katika uzito unaokaribiana na huo. Ukibahatika kupata Reba ya zamani ya inchi 29 yenye shingo iliyonyooka, ambayo haijachakaa, hiyo ni kilo 1.6 au 1.7, na mimi ningeichukua kabla ya kuitazama Fox yoyote. Zile zinazosifiwa kwa wepesi, kama SID SL ya RockShox iliyotoka mwaka 2020 ikitangazwa kuwa na gramu 1,326, zinadai shingo pana na habu ya milimita 110. Ziache mpaka siku utakapobadilisha fremu.

Ukishaipata, nunua na pampu yake, ile ndogo yenye geji. Mdomo wa valvu ya foku hufanana na wa pikipiki, kwa hiyo kishawishi cha kuipeleka kwenye kompresa ya kituo cha mafuta ni kikubwa, lakini chumba cha hewa cha foku ni kidogo mno na kompresa haitakupa nafasi ya kupima chochote. Funga kibana cha plastiki kwenye bomba la juu la foku, kikigusa sili, ule mpira ambao bomba hupita ndani yake. Panda baiskeli ukiwa na nguo na mzigo wako wa kawaida, simama juu ya pedeli bila kuruka, kisha shuka taratibu uangalie kibana kimesukumwa umbali gani. Kwa mwendo wa milimita 100, kikiwa kimesogea kati ya 15 na 20, uko mahali pazuri. Kikizidi, ongeza hewa kidogo kidogo.

SWALI: Niko Nanyuki na ninajiandaa kwa mashindano ya 10to4 ya Mlima Kenya. Foku yangu tayari ni nzuri. Nimeona bolti za titani zinauzwa seti nzima. Je, nianze na hizo, au kuna vipuri vingine vya kupunguza uzito?

JIBU: Bolti ziwe za mwisho kabisa. Seti nzima itakupunguzia makumi machache ya gramu, na chupa moja ya maji ya nusu lita inazimeza zote mara kumi. Zile za alumini za rangirangi usizikaribishe kabisa kwenye stemu na breki, hata ukipewa bure.

Weka fedha kwenye kinachozunguka. Tairi la inchi 29 lenye waya wa chuma ukingoni linaweza kuzidi tairi la kukunjwa la upana uleule kwa gramu 200, na mguu wako unaihisi tofauti hiyo kila unapoanza kukanyaga upya baada ya kona. Tyubu ya kawaida ya inchi 29 nayo ina takribani gramu 200. Ukiitoa na kuweka dawa ya maji ndani ya tairi, mililita 100 hivi kwa kila gurudumu, utaokoa karibu nusu ya uzito wake tu. Lakini huko kwenu kwenye miiba ya migunga sababu ya kufanya hivyo si uzito, bali ni kwamba dawa huziba tundu wakati wewe bado uko mwendoni. Ichunguze mara kwa mara, maana hukauka.

Baada ya hapo tazama kaseti ya nyuma, yaani ile seti ya meno ya giya. Kaseti ya Shimano Deore ya giya 12, ya meno 10 hadi 51, ina gramu 593; ya XT yenye meno hayohayo ina gramu 470, na zote mbili huingia kwenye habu ileile. Subiri ya sasa iishe meno ndipo ubadilishe, kwa sababu kutupa kaseti nzima kwa ajili ya gramu 123 ni anasa. Na kwa kuwa njia hiyo huanzia futi 10,000 na kuteremka hadi futi 4,000, tairi lenye ubavu mwembamba kuliko ulio nao sasa sikushauri, hata kama mizani itakusifu.

SWALI: Nilinunua foku ya RockShox SID ya mtumba, nyepesi ajabu. Naishi Kilifi. Miezi mitano baadaye, pembeni mwa bolti za chini kumeota unga mweupe, na bomba moja la juu lina mchirizi wa kijivu. Ni kitu cha kunitia wasiwasi?

JIBU: Ndiyo, lakini kwa viwango tofauti. Miguu ya chini ya foku nyepesi ni ya magnesi, madini mepesi kuliko alumini kwa zaidi ya theluthi, lakini hayapatani na chumvi, hasa yanapogusana na bolti za chuma. Kama unga uko juujuu, ukwangue kwa plastiki, ulikaushe eneo hilo na upake grisi. Kama ukucha unazama ndani, mguu huo umeliwa. Osha foku kwa maji baridi ya ndoo baada ya kila safari ya ufukweni. Mashine ya kuoshea magari husukuma chumvi na mchanga moja kwa moja ndani ya sili.

Mchirizi wa kijivu ni habari mbaya zaidi. Hilo ni ganda gumu la bomba ambalo limeshasuguliwa na bushi, zile pete za ndani ambamo bomba huteleza, kwa kawaida kwa sababu mafuta ya ndani yalikauka bila mtu kuyabadilisha; RockShox wenyewe hutaka miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta mapya kila saa 50 za kuendesha. Ganda hilo halirudi kwa rangi wala kwa gundi. Shika breki ya mbele, weka kidole pale sili inapokutana na bomba, kisha usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugongagonga chini ya kidole, bushi nazo zimekwisha, na gharama ya bushi, mabomba na kichwa kipya cha foku (sehemu inayounganisha mabomba na shingo) itazidi uliyotoa kununulia. Usiposikia kitu, badilisha mafuta na sili wiki hii, uendelee nayo, na uutazame mchirizi huo kila mwezi kama unaongezeka.