Koo moja, sauti mbili: maswali yenu kuhusu waimbaji wa Tuva

*Nimesikia mtu anaimba na kupiga mluzi kwa wakati mmoja. Ni mashine? (Msomaji, Tanga)*

Ni koo tupu. Hiyo ni khöömei ya Watuva, wafugaji wa kusini mwa Siberia, Urusi. Kila sauti ya mtu hubeba sauti nyembamba juu yake, ila sikio huzimeza zote kama moja. Imba "uuu", kisha bila kupanda wala kushuka telezesha mdomo polepole hadi "iii". Umesikia kitu kinapanda? Mtuva hubana koo na kupanga ulimi mpaka hicho kitu kiwe mluzi kamili, ndiyo sygyt. Kargyraa nayo ni mngurumo wa chini kabisa.

*Kuuchanganya uimbaji huu na muziki wa majaribio, si wageni wanauharibu? (Msomaji, Mombasa)*

Wangekuwa wageni ningekubali. Lakini aliyevuka mipaka mapema ni Mtuva, tena mwanamke: Sainkho Namtchylak, aliyezaliwa 1957. Ananguruma, ananong'ona, anapiga mayowe, akibuni papo hapo na wapigaji jazi wa Ulaya. Kumbuka kwao wanawake walikatazwa kuimba hivi, eti watakosa uzazi. Kundi la wanawake, Tyva Kyzy, lilianzishwa 1998 tu. Naye Albert Kuvezin wa bendi ya Kituva ya Yat-Kha alitia kargyraa kwenye gitaa la umeme, na wala haikuhitaji ruhusa ya mzungu.

*Nina kompyuta na programu ya midundo. Nianzie wapi? (Msomaji, Nakuru)*

Anza kwa kupunguza. Kosa ninalolisikia kila mara ni kinanda kizito kilichotandazwa chini ya mwimbaji: mluzi unazama. Tena hazipatani sawasawa, maana mluzi hufuata zile sauti nyembamba za asili zilizo juu ya sauti ya mtu, na baadhi yake ziko chini kidogo ya noti za piano. Shika noti moja ivume, ile ile ya mwimbaji, halafu weka midundo michache, iliyoachana. Ukipata igil, zeze lao la nyuzi mbili za singa za farasi, liache likwaruze, usilisafishe. Kundi la Kituva la Huun-Huur-Tu lilifanya kazi na mtayarishaji Carmen Rizzo mwaka 2009, na sauti zao zilibaki na nafasi ya kupumua.

*Kwetu hakuna kitu cha karibu? (Msomaji, Dodoma)*

Wewe ndiye wa kuniuliza hivyo! Muziki wa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, umejengwa juu ya sauti hizo hizo za asili. Msikilize Mgogo Hukwe Zawose alivyorekodi na Michael Brook wa Kanada, 2002.