Theluji hatuna, lakini mguu wa mbele wa gari yangu ulivunjika vile vile

Wa alaykumu ssalaam ndugu yangu.

Umesema shemeji yako aliyeko Kanada kavunja mguu wa mbele (vile vyuma vinavyolishika gurudumu) wa gari yake ya mwaka 2002 akiwa anaendesha kwenye theluji, na fundi wa huko kamwambia ni chumvi na uzee wa gari. Wewe uko mbioni kununua gari ya umri huo huo Unguja uivushe kuja Pemba, ukauliza: petu hapa theluji hakuna, sasa hilo lina hatari gani kwetu? Nimeona waliokujibu kuwa ununue tu, gari za Kijapani ngumu. Mimi nakujibu vyengine, kwa sababu yamenikuta, tena yamenikuta nikiwa na mwanangu wa miaka saba ndani ya gari.

Theluji haivunji chuma. Inachofanya ni kufunika barabara usione unachokanyaga, na kuwalazimisha watu wamwage chumvi. Yote mawili tunayo hapa. Kinachofunika barabara kwetu ni maji ya masika, na chumvi tumezungukwa nayo pande zote.

Gari yangu ni ndogo ya Kijapani, ya mwaka 1997, inavutwa na magurudumu ya mbele. Niliinunua kwa mtu, nikaishusha bandarini Mkoani. Kwa miaka minne kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: alfajiri Tumbe kuchukua samaki, kisha Chake kuwauza. Maji yakitoka nilikuwa nateremka nayo mpaka mchangani karibu na dau, ili tusibebe matenga masafa marefu. Mara nyengine magurudumu ya mbele yalisimama ndani ya maji ya bahari robo saa nzima. Nikirudi nyumbani naiosha bodi, naifuta mpaka inang'ara. Chini sikuiosha hata siku moja.

Siku yenyewe ilikuwa Aprili, mvua imenyesha usiku kucha. Skuli zilikuwa zimefungwa, nikamchukua mwanangu nimpeleke kwa bibi yake. Nilipofika Ole nikakunja kuingia barabara ya udongo. Barabara ile naijua shimo kwa shimo. Nisichokijua ni kwamba siku mbili kabla watu walikata mtaro kupitisha bomba la maji, wakaufukia kwa udongo mtupu, na mvua ikauchukua udongo wote. Juu palionekana dimbwi jekundu tu, limetulia kama uji kwenye sahani. Nilikuwa gia ya pili, sidhani kama nilipita kilomita 25 kwa saa.

Gurudumu la kushoto likazama, likapiga ukingo wa upande wa pili. Kwanza nilisikia kishindo cha shimo, kile ambacho kila mwenye gari hapa anakijua. Halafu papo hapo mlio mwengine, mkavu, kama mtu anavunja kuni kwa goti. Usukani ukawa mwepesi mikononi kana kwamba haukufungwa na kitu. Gari ikainamia kushoto, ikajivuta yenyewe mpaka ikasimama ubavuni mwa mgomba.

Nilishuka kwanza upande wa mtoto, nikamtoa. Ndipo nikatazama. Gurudumu lilikuwa limelala: chini limetoka nje, juu limeingia ndani, madigadi imelikalia tairi. Shafti, ile fimbo inayozungusha gurudumu, imechomoka kwenye giaboksi na oili inachuruzika kwenye maji. Hosi ya breki imekaza kama mshipi wenye samaki mkubwa, haijakatika lakini imebakisha kidogo tu. Dakika ishirini nyuma nilikuwa kwenye lami, nateremka mlima, mwendo wa kilomita 70, lori linakuja mbele yangu. Mpaka leo nikifika pale mlimani napunguza bila ya kujijua.

Tuliibeba kwa lori la mchanga. Vijana tisa waliinyanyua, Mungu awalipe, kwa sababu gari iliyovunjika namna ile haivutwi kwa kamba. Ukiivuta, gurudumu lililolala linakata hosi ya breki na kumaliza shafti na bodi.

Fundi wangu wa Chake alipoikosha boli jointi kwa petroli akanitilia kiganjani. Boli jointi, kwa asiyeijua, ni ile nundu ya chuma inayounganisha mkono wa chini, ambao mafundi wanauita lowa amu, na habu inayobeba gurudumu. Kichwa chake ni duara, ukubwa wa kungumanga, kina shingo chini yake, na shingo ndiyo iliyokatika. Nilitazama pale palipokatika. Theluthi mbili ya uso ule ilikuwa nyeusi ya kahawia, kama kahawa iliyoungua. Theluthi moja ilikuwa ya kijivu inayong'ara, ina chembechembe kama sukari guru ukiimega. Fundi akanionesha kwa ncha ya bisibisi: hapa peusi pamepasuka zamani, maji na kutu vimeshaingia, hapa panapong'ara ndipo palipokatika leo. Maana yake nilikuwa natembea na theluthi moja ya chuma, kwa miezi, na abiria ndani. Mtaro ulimalizia tu.

Kifuko chake cha mpira, kile kinachozuia grisi isitoke na tope lisiingie, kilikuwa na mpasuko usiozidi ukucha wa kidole changu. Ndani grisi hamna, mna uji mwekundu wa udongo na kutu. Kifuko kama kile bei yake haifiki kilo mbili za samaki wa changu.

Kisha akaupiga nyundo ule mkono wa chini. Mikono mingi ya gari ndogo ni bati mbili zilizokandamizwa na kuunganishwa kwa kuchomelewa, katikati mna uwazi, na yapo matundu ya kutolea maji. Matundu yangu yalikuwa yameziba. Ulimwagika udongo wetu mwekundu uliokauka, na ndani yake magamba ya samaki na kijiti cha makonyo ya karafuu. Fundi akasukuma bisibisi kwa mkono tu, ikatokea upande wa pili.

Sasa turudi kwenye chumvi, kwa sababu watu wanadhani gari ikikauka basi imekauka. Chukua chumvi ya jikoni uiache wazi wakati wa masika, utaikuta inalia maji. Unyevu wa hewa ukishafika kiasi cha asilimia 75, chumvi inavuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe. Usiku wa kisiwani kwetu unyevu mara nyingi unapita hapo. Kwa hiyo gari iliyokanyaga bahari ina utando wa maji ya chumvi kila usiku, hata kama haijaguswa na tone la mvua. Na kutu ni kazi ya umeme mdogo baina ya chuma, maji na hewa. Maji ya chumvi yanaupitisha umeme huo upesi kuliko maji ya mvua. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Piga hesabu ya miaka minne ya Tumbe.

Kwa shemeji yako mambo ni hayo hayo kwa njia nyengine. Wanamwaga chumvi barabarani kwa sababu maji yenye chumvi hayagandi upesi: yakiwa na chumvi asilimia 10 yanagandia kwenye nyuzi 6 hivi chini ya sifuri, si kwenye sifuri. Barafu inayeyuka, inakuwa tope la chumvi, magurudumu yanalirushia chini ya gari, linaingia kwenye kila mshono. Kwenye baridi kali kutu inakwenda polepole, ikianza joto ndipo inapokimbia. Kwetu joto ni mwaka mzima.

Tena muulize kama gari yake iliteleza ikagonga ukingo wa barabara kwa ubavu, maana ndivyo nyingi zinavyovunjika kwenye theluji. Mguu wa gari umetengenezwa uvumilie kupanda na kushuka. Pigo la ubavuni linakwenda moja kwa moja kwenye boli jointi, tairodi (ile fimbo ya usukani) na mkono wa chini, hakuna springi ya kulipokea. Usidhani hilo ni la Kanada peke yake. Vilima vyetu vya udongo mwekundu vikilowa, gari inateleza ubavu mpaka kwenye mtaro wa saruji, na kishindo ni kile kile.

Kuhusu hiyo unayotaka kununua, liko jambo ambalo madalali hawalitaji. Gari zetu nyingi ni mitumba ya Japani, na Japani ina theluji nyingi sana, Hokkaido na upande wote wa pwani ya magharibi ya kaskazini. Mwaka 1990 walipitisha sheria ya kuzuia matairi ya misumari kwa ajili ya vumbi lililokuwa likiwaumiza watu, na baada ya hapo umwagaji wa chumvi barabarani ukaongezeka. Kwa hiyo gari inaweza kuwa imeshuka bandari ya Malindi, Unguja, jana na tayari imekula chumvi miaka kumi. Muombe muuzaji karatasi ya mnada ya Japani. Kwenye mchoro wa gari ukiona herufi S, hiyo ni kutu, inatokana na neno lao "sabi"; ukiona C, kutu imeshakula chuma. Kwa gari ya 2002 iliyokwishapita mikono mitatu hapa, karatasi huenda isipatikane. Basi lala chini utazame mwenyewe.

Na ukilala chini, usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Wala usiweke jiwe la matumbawe, ndugu yangu. Nimeona watu wanafanya hivyo kwa sababu yamejaa. Jiwe lile linavunjika ghafla. Weka gogo zima la mti mgumu au stendi ya chuma.

Nyanyua mbele mpaka gurudumu lining'inie. Lishike juu na chini, ulitikise kwa nguvu, mwenzako akiwa anatazama boli jointi kwa tochi. Kulegea kokote kunakoonekana pale, hata kwa unene wa shilingi, ni ubovu. Kisha tia pao, ule mtaimbo mdogo wa chuma, baina ya mkono wa chini na habu ukweze taratibu, ikinyanyuka ujue imekwisha. Pitisha kidole kuzunguka mpira wote, usitazame mbele tu. Mpasuko wangu ulikuwa nyuma, upande wa injini. Gongagonga mkono wa chini kwa kijinyundo na usikilize: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya debe bovu. Na kabla ya yote, iendeshe pole pole kwenye vishimo vidogo vidogo, madirisha wazi, redio imezimwa. Yangu ilikuwa ikigonga "ko, ko, ko" kwa miezi miwili, nami nikisema ni shokapu, nitabadilisha msimu wa karafuu ukifika.

Ukikuta boli jointi imelegea, utampata mtu wa kukwambia aichomelee. Mimi pia niliambiwa, na mtu mwenye nia njema kabisa, kwa sababu spea ilikuwa lazima ingoje meli kutoka Unguja. Kataa. Moto wa kuchomelea unaunguza grisi na ile plastiki ya ndani, na unaharibu ugumu wa chuma chenyewe. Inakaza siku ya kwanza, kisha inakatika bila ya kukuonya. Nilingoja siku tisa, gari imekaa kwenye matofali, nikakodi ya mwenzangu. Nilibadilisha boli jointi mbili, kulia na kushoto, kwa sababu zimekula chumvi pamoja, na mikono miwili ya mtumba iliyo safi ndani. Mikono ile nilichagua kwa kuitia maji kwenye tundu na kutazama yanatoka rangi gani.

Siku hizi nikitoka pwani naiosha chini kwa maji baridi ya bomba kabla sijashusha hata tenga, na matundu ya mikono nayazibua kwa waya. Kuna wanaopuliza oili chafu chini kote. Kwenye bati inasaidia, lakini isifike kwenye bushi na mipira, inaivimbisha na kuilainisha. Na dimbwi nisiloliona chini yake, napunguza kabla sijalifikia, kisha naachia breki gurudumu linapoingia, maana ukiwa umekanyaga breki springi za mbele zimeshabanwa na hazina tena nafasi ya kupokea pigo. Kama kuna mtu, namuuliza. Kama hakuna, nashuka na kijiti.

Usilipe kabla hujaitazama chini. Ukikubaliana na muuzaji muda wa kuiona, niandikie faragha. Nina ndugu yangu Unguja mwenye jeki na pao, anaweza kwenda nawe. Kile kipande cha boli jointi ninacho bado, nitamtumia aje nacho ukitazame mwenyewe zile rangi mbili.