Re: Tubaki WhatsApp au tufungue jukwaa?

Ndugu, umesema kundi lenu la WhatsApp la wanaojifunza Python (lugha ya kuandikia programu) limefika watu 300 na mnafikiria kuhamia Discord (programu nyingine ya gumzo) au kufungua jukwaa, yaani tovuti ya maswali na mijadala. Mimi ningejiuliza hivi: swali lililojibiwa leo, mtu atalipata mwakani?

Kwenye gumzo ni bahati tu. Google haisomi yaliyomo ndani ya WhatsApp wala Discord, hivyo jibu zuri la saa sita usiku linazama chini ya stika na "habari za asubuhi", na wiki ijayo mgeni anauliza lilelile. Slack ya bure, nayo ni programu ya gumzo, tangu 2022 inaonyesha ujumbe wa siku 90 tu. Niliwahi kusimamia kundi la huko. Maelekezo yetu yote ya kuweka Django (zana ya kujengea tovuti kwa Python) kwenye seva yalipotea machoni hivihivi.

Kwa jukwaa kuna Discourse: ni programu huria ya kuendeshea majukwaa, na kila swali linakaa na kichwa chake. Wasanidi wa Python wenyewe wanaitumia. Inataka seva yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 1 angalau na mtu wa kuisasisha (huyo mtafuteni kabla ya seva).

Ila msiifunge WhatsApp. Wengi wenu bando ndiyo hiyohiyo ya kuungaunga, na mtu aliyekwama saa hizi anataka mtu, si mada. Swali likijibiwa vizuri, msimamizi anakili swali na jibu lake jukwaani kwa ruhusa ya mjibuji, kisha aweke kiungo kundini. Miezi ya mwanzo mtafanya hivyo peke yenu, na inachosha kweli.